Flaiwili Isiyo na Subira

Walisema sitaweza. Mwalimu wangu wa hisabati alisema mikono hii imeumbwa kushika mkia wa ng'ombe. Jirani yetu mmoja, mama wa kwaya, alimshauri mama yangu aniombee kazi ya ulinzi mapema kabla nafasi hazijaisha. Na Baba mdogo, ndugu ya baba yangu kutoka Burnt Forest, alisema matangani, kikombe cha chai mkononi na watu wakisikia, kwamba mtoto huyu hawezi kufunga hata nati ya toroli. Nawataja kwa sababu wote wako hai, na wawili kati yao huleta magari yao kwangu.

Mimi nina diploma ya uhandisi wa magari. Imetundikwa juu ya benchi, ndani ya fremu, mahali ambapo mteja akiinua macho lazima aione. Nilifanya kazi Doha kwa miaka, nikihudumia pikipiki za mashindano za matajiri ambao hawakujua jina langu lakini walijua siku nisipokuja. Nilirudi kwa tiketi niliyojilipia. Karakana hii ya Yamumbi niliijenga kwa jasho langu, na kerezo, ile mashine ya kuchongea chuma iliyo pale kwenye kona, ni langu, sikukodi. Sina sababu ya kujishusha. Nimewaona waliojishusha na sikuona faida waliyopata.

Juzi kijana mmoja wa bodaboda alikuja na boksi jipya. Ndani yake mlikuwa na flaiwili nyepesi, imeagizwa kutoka nje, inang'aa kama sahani ya harusi. Alitaka nimfungie. Wakati huo nilikuwa nikipasha moto beringi juu ya jiko ili itanuke na kuingia kwenye shafti yake, na tone la mafuta likaanguka kwenye chuma. Moshi mwembamba ukapanda. Harufu hiyo siwezi kuieleza vizuri, ni kama mafuta ya kupikia yaliyosahauliwa, ila ina ukali wa chuma ndani yake. Nikasimama na koleo mkononi. Kijana akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, na ni kweli nilikuwa sawa. Mimi huwa sawa.

Flaiwili, kwa asiyeijua, ni gurudumu la chuma linalokaa ubavuni mwa injini, nyuma ya kifuniko, limefungwa kwenye ncha ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na injini. Ndani yake kuna sumaku zinazosaidia kutoa cheche ya plagi. Injini ikizunguka, nalo linazunguka. Kwa macho ya mtoto halifanyi kazi nyingine yoyote, ni uzito tu unaobebwa bure.

Baba alikuwa na pikipiki ya zamani, ile ya moshi wa bluu, ambayo nyinyi wa rika langu mnakumbuka sauti yake. Alibebea maziwa. Alipita kwa majirani alfajiri, akajaza mikebe miwili mikubwa ya aluminiamu, akaifunga kila upande, akashuka mtoni, akapanda kilima na kuingia mjini. Kabla hajaugua, flaiwili ilikuwa imeanza kulegea. Ribiti zilizoshikilia kitovu chake zililika, na injini ikawa inagonga kama mtu anayebisha hodi bila kuchoka. Halafu kitovu kikapasuka. Baba akaisimamisha pikipiki ukutani mwa boma la ndama, akasema ataishughulikia akipata nafuu. Alipelekwa hospitali mjini. Mwezi wa mvua akarudi ndani ya gari refu.

Sikumbuki mengi ya mazishi. Nakumbuka matope yakiwa yamenata kwenye viatu vya watu wote, vya wakubwa na vya wadogo, kiasi kwamba kila mtu alionekana amevaa viatu vya aina moja. Nakumbuka tulinyolewa, sisi wote wa nyumba ile, mama pia. Upepo wa Uasin Gishu kwenye kichwa kilichonyolewa ni kitu kingine. Hakuna aliyenieleza maana ya kunyolewa, kwa hiyo nikajieleza mwenyewe. Nilidhani tunanyolewa ili tuwe wepesi.

Msicheke. Mtoto wa Eldoret hukua akiona watu wembamba wakikimbia barabarani alfajiri, wamevaa kaptura kwenye baridi ambayo ng'ombe wenyewe wanaikataa. Wale wembamba ndio walikuwa na nyumba za ghorofa mjini. Wale wembamba ndio walipokewa kwa maziwa uwanja wa ndege. Hatukuhitaji mtu wa kutufundisha kwamba anayeshinda ni yule aliyeacha uzito nyuma. Basi nilipoona nywele zetu zikianguka, halafu nguo za baba zikigawiwa, halafu kitanda chake kikitolewa nje na kubebwa na watu wa ukoo, niliona mpango ndani yake. Nyumba ilikuwa inapunguzwa uzito ili iweze kukimbia tena.

Mama hakulia mbele yetu. Asubuhi iliyofuata mazishi alikuwa chini ya ng'ombe, anakamua, kichwa chake kitupu kikiwa kimeegemea ubavu wa mnyama. Nikamwangalia na kufikiri kwamba amefaulu, ameshautupa wote. Mimi mwenyewe nilijitafuta ndani kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Sikupata kitu. Sikuwa na huzuni wala furaha. Nilikuwa na njaa nyakati za chakula na usingizi nyakati za usingizi.

Baba mdogo alikuja likizo ya Agosti ilipoanza. Aliizunguka pikipiki mara kadhaa, akapiga teke gurudumu la mbele, akamwambia mama kwamba chombo hakiwezi kukaa kinanyeshewa kama kuku. Ataichukua, aitengeneze, ibebe viazi.

"Mwenyewe yuko," mama akasema.

"Nani?"

Mama alinionyesha kwa kidevu. Nilikuwa nimekaa kwenye gogo, natafuna bua la hindi. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Lakini hakuwa mtu mbaya, na alikuwa mbele ya mke wa marehemu kaka yake. Akatoa sharti. Kama pikipiki itabeba maziwa mpaka mjini na kurudi bila kusukumwa, kabla shule hazijafunguliwa, itabaki. Ikikataa, atakuja na pikap na kamba, na hataki kusikia maneno.

Bila pikipiki, maziwa yalikuwa yanakwenda kwa mkokoteni wa punda wa kuazima, na yakichelewa jua likipanda yalikataliwa. Majirani walikuwa wameanza kumpa mtu mwingine maziwa yao. Mama hakunieleza hayo. Niliyaona kwenye mikebe, ambayo ilirudi nyumbani ikiwa bado imejaa, na kwenye chai yetu, iliyokuwa na maziwa mengi kuliko tulivyotaka.

Nikaanza kutafuta flaiwili. Maduka ya mjini yalinicheka. Pikipiki ile haikuwa na spea tena. Mwishowe nilifika kwa Opiyo, fundi wa kukereza aliyekuwa na kibanda cha mabati karibu na mto Sosiani, mtu mfupi mwenye mikono mipana. Alikuwa na flaiwili moja kuukuu, nzito, ya pikipiki ya aina nyingine, iliyokaribia kufanana na yetu. Shimo lake lilikuwa pana kuliko ncha ya krenki yetu. Alisema angeweza kuliwekea bushi, pete ya kujazia nafasi, lakini hakuahidi kwamba litakaa katikati, na flaiwili isiyokaa katikati itaivunja injini. Nilimshukuru. Aliniazima pula, kile kifaa cha kung'olea flaiwili bila kuiumiza.

"Pula yangu ikipotea, kijana," akasema, "wewe ndio utakuwa pula. Nitakufunga kwa hiyo krenki nikuvute."

Flaiwili ya pili niliipata kwa Mwalimu Koech, aliyenifundisha michezo shuleni. Ujanani alikuwa akishindana kwa pikipiki kwenye mashamba yaliyovunwa, huko Ainabkoi, mpaka mguu wake ukakataa kupona vizuri. Alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akafungua gazeti lililolowa mafuta, akaniwekea mkononi kitu ambacho karibu nikidondoshe, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kubeba kizito.

"Ni ya injini ileile ya baba yako," alisema. "Nilikereza nyuma yake mpaka ikabaki ngozi na mifupa. Inapaa haraka. Lakini haina subira."

Nilisikia kwamba inapaa. Hilo la subira nilidhani ni sifa. Niliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikaona jinsi chuma kilivyokatwa kote kisipohitajika, na nikasema moyoni kwamba hatimaye nimempata mtu anayefikiri kama mimi. Leo, kama mwenye diploma, nasema uchaguzi ule ulikuwa wa busara kwa sababu moja tu, kwamba ilikaa kwenye krenki bila bushi. Mimi niliichagua kwa sababu ilikuwa nyembamba.

Niliifunga peke yangu. Niling'oa ile mbovu kwa pula ya Opiyo. Nilisafisha ncha ya krenki kwa mafuta ya taa, nikaipitisha msasa laini mpaka ikang'aa, kwa sababu nguvu yote inashikiliwa na ule msuguano, si na kile kiufunguo kidogo cha chuma kama wengi wanavyodhani. Kiufunguo kazi yake ni kuweka sumaku mahali pake tu, ili cheche itoke kwa wakati. Hayo nilikuja kusoma chuoni, lakini nilipoyasoma mikono yangu ilishayajua. Nati niliikaza kwa kuigonga spana kwa nyundo, jambo ambalo leo namfukuzia mtu kazi.

Ikawaka kwa teke la tatu au la nne. Mlio ulipanda ghafla, mkali, kama mbwa aliyekanyagwa, na nilipoachia moto, yaani kishikio cha mafuta, ulishuka ghafla vilevile. Watoto wa majirani walikuja mbio. Yule mama wa kwaya alitoka na mwiko mkononi. Niliizungusha uani nikiwa nimeketi wima, kichwa changu kinang'aa, na nikaona wazi kwamba ulimwengu unakwenda jinsi nilivyofikiri.

Asubuhi yake tukafunga mikebe. Nilishuka mtoni vizuri. Kilimani, pale njia inapobana na lazima mtu apunguze mwendo ili asiteleze, nilipunguza, na injini ikazima. Haikukohoa wala kutoa dalili. Ilikuwa hai, halafu haikuwa hai. Nikaiwasha, nikaachia klachi, ikazima. Nikaipa moto mwingi, gurudumu la nyuma likachimba murram, pikipiki ikainuka mbele, na mkebe mmoja ukafunguka. Maziwa yalishuka kilima yakitafuta mto, meupe kwenye udongo mwekundu. Wanariadha wawili walikuwa wanapanda. Waliruka mkondo ule bila kubadilisha hatua, wakaendelea.

Niliisukuma hadi nyumbani. Mama aliuangalia mkebe mtupu, akauosha, akauinamisha ukauke. Mimi sikuhisi kitu. Nilikula chakula changu chote.

Sasa niwaambie juu ya mashine ya kusaga ya Mama Nekesa. Alikuwa mjane kutoka upande wa Bungoma, aliyekuja Eldoret na mume aliyekuwa kibarua wa mashamba, akabaki na mashine ya dizeli chini ya paa la mabati. Mashine ile ilikuwa na gurudumu kubwa la chuma ubavuni, refu kunishinda, ambalo sisi watoto tulikatazwa kulikaribia. Jioni alipofunga mafuta, gurudumu halikusimama. Liliendelea kuzunguka, na yeye akawa na desturi yake: kinachosagwa baada ya mafuta kufungwa hakilipiwi. Kopo moja tu, mtu mmoja tu, yule wa mwisho kwenye foleni. Kwa hiyo watoto wa nyumba zilizobanwa walikuwa na ustadi wa kuwa wa mwisho. Wengine walijifanya wanafunga viatu. Tangu baba afe, mama alinituma jioni na kopo, na aliniambia nisiharakishe.

Nilikuwa nimesimama pale mara nyingi bila kuona. Jioni ile ya maziwa kumwagika niliona. Mama Nekesa alifunga mafuta, injini ikanyamaza, na katika ule ukimya gurudumu likaendelea, zito, bila pupa, na mahindi yangu yakaingia juu na kutoka chini yakiwa unga.

Nikamuuliza nani anasaga sasa.

"Hakuna mtu," akasema. "Ni uzito. Ungekuwa mwepesi ungekufa pamoja na injini."

Aliyasema hayo huku anapangusa unga kwenye nyusi, hata hakuniangalia. Nikabaki nimeshika kopo. Ndipo nikaelewa kilichonipata kilimani. Injini inasukuma, halafu inapumua, halafu inasukuma. Kati ya msukumo na msukumo kuna pengo, na kwenye pengo hilo hakuna anayeivusha isipokuwa uzito uliokwisha kuanza kuzunguka. Flaiwili ya Mwalimu Koech haikuwa na cha kuvukia. Uwanjani, mtu akikimbiza injini kwa kasi, mapengo yanakuwa mafupi na haijalishi. Kilimani, polepole, na mikebe miwili, pengo linakuwa refu.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anakamua. Nilisimama mlangoni mwa zizi nikamtazama kwa muda mrefu, mikono yake ikishuka kwa zamu, ikishuka kwa zamu. Mafuta ya nyumba yetu yalikuwa yamefungwa tangu mwezi wa mvua.

Uamuzi nilioufanya baada ya hapo ndio ninaojivunia kuliko kazi yoyote niliyofanya Doha. Sikuirudisha flaiwili nyepesi. Ilikaa kwenye krenki vizuri, sumaku zake zilikuwa na nguvu, na hakukuwa na nyingine. Niliamua kuivalisha uzito. Nilitaka pete ya chuma izunguke ukingo wake wa nje, kwa sababu uzito ulio mbali na katikati unafanya kazi kubwa kuliko uliojificha kitovuni. Hilo nililiona kwenye gurudumu la Mama Nekesa, ambalo lilikuwa nene ukingoni na jembamba ndani. Mwalimu Koech aliniambia nifanye nitakavyo, kwa maana yeye hatapanda tena. Mama Nekesa alinipa puli kuukuu, gurudumu la chuma la kupitishia mkanda, iliyokuwa imelala kwenye nyasi nyuma ya mashine, akasema nitairudisha kwa njia nyingine. Opiyo aliniazima kerezo lake na saa zake za chakula cha mchana.

Kabla hajaikata pete kutoka kwenye puli ile, aliniuliza iwe nene kiasi gani ili isiguse kifuniko cha injini. Sikujua. Nikarudi nyumbani, nikachukua donge la unga mama aliokanda kwa ajili ya chapati, nikalibandika ndani ya kifuniko, nikakifunga mahali pake, nikakifungua. Unga uliobaki baada ya kubanwa ulionyesha nafasi yote iliyopo. Niliukata kwa kisu nikaupeleka mjini ndani ya jani la mgomba. Opiyo aliugeuza geuza, akauliza kama nimemletea maandazi. Halafu akaupima, akawasha kerezo. Mama alipokuta vipande vya chapati vimenata kwenye chuma aliniuliza kama pikipiki imeshiba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kusikia mzaha ndani ya nyumba ile, na wote wawili tuliangalia pembeni.

Pete ilikatwa iwe ndogo kidogo kuliko ukingo wa flaiwili. Ikiwa baridi haingii. Lazima ipashwe moto itanuke, na flaiwili iwe baridi inywee, halafu vikutane haraka. Kupasha flaiwili yenyewe kungeua sumaku. Kwa hiyo niliiacha nje juu ya paa la banda la kuku, na alfajiri ilikuwa na sakitu nyeupe juu yake, ile sakitu ya nyanda zetu za juu inayochoma viazi. Nikaweka pete kwenye makaa. Nilidondosha tone la mafuta kila baada ya muda, na lilipotoa moshi papo hapo nilijua imefika. Harufu ikajaa uani.

Kazi ile inataka mikono minne na haina kurudia. Pete ikikaa upande, inashika hapo na imekwisha. Nilikuwa na koleo moja tu la kushikia, na mama akatoka zizini, mikono yake bado ina maziwa, akachukua koleo la jikoni la kushikia sufuria, akashika upande wa pili bila kuambiwa.

"Sema," akasema.

Nikasema. Tukaishusha. Ilizama hadi chini kama kifuniko cha chungu, na baada ya pumzi moja chuma kikaanza kutoa milio midogo, ti, ti, ti, kikipoa na kukaza. Mama aliinama akasikiliza. Mimi nilimtazama yeye.

Kukaza nati, safari hii sikutaka nyundo. Nilihitaji kitu cha kuizungushia flaiwili niishike isigeuke. Kamba iliteleza. Mama aliingia ndani, akatoka na mshipi wa ngozi wa baba. Nilijua nguo zote zilikwisha kugawiwa. Alikuwa ameuficha, sijui wapi, watu wa ukoo walipokuja.

"Nakuazima," akasema. "Sikupi."

Niliuzungusha kwenye pete, ukauma, nati ikakaza mpaka mwisho.

Baba mdogo alikuja na pikap siku chache kabla ya shule. Kamba ilikuwa tayari nyuma. Tulifunga mikebe yeye akitazama. Nilishuka mtoni, na kupitia mlio wangu niliusikia mlio wa pikap nyuma yangu. Kilimani, pale njia inapobana, nilipunguza. Injini ilishuka. Ikashuka zaidi, mpaka nikaanza kuhesabu kila mlipuko peke yake, du, du, du, na kila mara nilipodhani huo ndio wa mwisho uzito ukauvusha hadi kwa mwenziwe. Tukapanda kama mzee anavyopanda ngazi za kanisa. Tukafika juu. Maziwa yalipokewa mjini yakiwa baridi. Nilirudi nikiwa nimekaa wima.

Uani Baba mdogo alizima pikap, akaja akaweka kiganja chake juu ya injini iliyokuwa bado inanguruma, akakiacha pale mpaka lazima kiliungua.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa ikilia," akasema, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "Basi. Ibaki."

Aliikunja kamba yake, akanywa chai, akaenda zake. Matangani alikuwa na watu wa kumsikia. Siku hiyo hakukuwa na mtu, kwa hiyo nayasema mimi hapa.

Jumamosi iliyofuata nilizunguka kurudisha. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kikavu, kwa hiyo mama alinijazia maziwa kwenye madumu. Opiyo alipewa pula yake na dumu, akaihesabu pula meno kana kwamba nimeila, akacheka. Mama Nekesa nilimpa dumu kwa ajili ya puli, na nikamwambia kwamba kuanzia sasa nitapanga foleni mahali popote, wa kwanza nikiwa wa kwanza. Alisema ni vizuri, kuna wengine wanaongoja nafasi ile. Mwalimu Koech alitoka kwa mguu wake mbaya, akasikiliza injini ikiunguruma polepole mlangoni kwake, akaniambia nimeiharibu kabisa flaiwili ya mashindano, kisha akapokea maziwa kwa mikono miwili.

Nilibaki na deni la mshipi. Madumu yalikuwa yamekwisha. Nilimkuta mama amekaa kwenye gogo, nikampa mshipi mikono mitupu, nikamwambia sina cha kuusindikizia. Aliupokea, akaukunja. Akaitazama pikipiki.

"Nipandishe," akasema. "Mpaka barabara ya lami, halafu unirudishe."

Tangu mazishi hakuwa ametoka nje ya lango isipokuwa kwa kazi. Alipanda kiupande, kama akina mama wanavyopanda, mkono mmoja umeshika bega langu. Tulishuka mtoni, tukaanza kupanda kilima. Hapo nikahisi shati langu limelowa mgongoni, joto, likienea. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba mkebe unavuja. Halafu nikakumbuka kwamba hatukubeba mkebe.

Sikugeuka. Barabara ya lami haikuwa mbali, ilionekana tayari juu ya kilima, na nilijua tukifika atapangusa uso na kuniambia nigeuze. Basi nikapunguza moto. Nikapunguza tena, hadi ule mwendo wa chini kabisa ambao hakuna injini inayoutaka, nikasikiliza kila mlipuko ukimngoja mwenziwe, na tukaendelea kupanda.